Vita vya Penyo na Waya wa Klachi

Tarehe ishirini na tano Machi, Sikukuu ya Bikira Kupashwa Habari, asubuhi iliamka na ukungu mzito, na mvua iliyochanganyika na theluji ikapiga mapaa ya kijiji cha Sinevets kama mtu anayemwaga mchele. Sogeeni basi, enyi mliokaa na mliosimama, wekeni chini vikombe vyenu, maana jambo lililotendeka asubuhi ile uani kwa Bibi Grozda halifai kusikilizwa kwa sikio moja. Naye Mungu, aliyempa Daudi kombeo, atusaidie kumsimulia sawasawa Penyo mwana wa Tsanko, Penyo mwenye sharubu kama ufagio, bwana wa spana na koleo, aliyetoka siku ile kupigana na waya.

Waya wenyewe ulikuwa wa klachi, mwembamba kuliko utambi wa taa. Farasi wake wa vita alikuwa pikipiki kuukuu ya marehemu Nayden, mume wa Bibi Grozda, yenye kiti cha ubavuni juu ya gurudumu la tatu. Kila mwaka, sikukuu hiyo, pikipiki ile ndiyo iliyompandisha padri hadi kanisa dogo la mlimani, ambako ibada husomwa mara moja tu kwa mwaka. Lakini Machi ile, Penyo alipokuwa akiijaribu mlimani, waya ulikatika kwenye kona ya Shingo ya Mbuzi. Penyo akalaumu kutu, akapachika wa pili na kuumiminia mafuta mpaka ukateleza kama samaki, nao ukakatika kwenye kona ile ile. Akalaumu mkono wa klachi, akausugua kwa tupa mpaka ukang'aa. Sasa ulibaki waya mmoja tu, na Bibi Grozda, mama mkwe wake, alikwisha toa hukumu juu ya supu ya maharage: "Usipomfikisha padri, pikipiki ya mzee wangu anaichukua Metodi. Akabebee maboga."

Padri Kuzman alikuwa ameshaketi ubavuni, mwavuli juu, kikapu cha vyombo vya altare magotini. Metodi, jirani, aliegemea ua akitafuna mbegu za alizeti.

"Padri," akauliza, "umevaa viatu vya kutembelea?"

"Meza kwanza maganda yako, Metodi," akasema Penyo, "ndipo useme na watu."

Kisha shujaa akawalaza marehemu wawili, zile waya zilizokatika, juu ya gunia, bega kwa bega, akainama juu yao kama jemadari juu ya askari walioanguka. Wote wawili walikuwa wamekatika mahali pamoja, shubiri moja kutoka kwenye mkono wa klachi.

"Kutu haichagui mahali," akanena.

Akapachika wa tatu. Akaushika usukani, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, polepole, kama hakimu anayemhoji shahidi mjanja. Ndipo akamwona adui. Kando ya taa, ganda la waya, ile ala ya nje inayouvika, lilikataa kusogea. Kila usukani ulipogeuka, lilikunjika kama goti. Na juu ya goti lile, lililobanwa sawasawa kwenye shingo ya taa, palikuwa na uzi wa sufu, mwekundu na mweupe: uzi wa Machi, uliofungwa na Bibi Grozda siku ya kwanza ya mwezi ili pikipiki iwe na afya. Penyo mwenyewe, mara zote mbili, alikuwa amebadilisha waya wa ndani tu. Ganda aliliacha lilivyofungwa, kwa heshima, maana nani huufungua uzi wa Machi kabla ya kuona korongo au mti uliochanua?

"Mama," akasema, "muuaji nimempata. Ni uzi wako."

Bibi Grozda alitokea mlangoni, unga hadi viwikoni. "Uzi wangu umemlinda mzee wangu maisha yake yote."

"Mzee ulimfungia wapi?"

"Kwenye kioo. Lakini kioo si ulikivunja wewe, ulipogonga geti?"

Padri akakohoa ndani ya ndevu zake.

"Basi tuufungue, mama."

"Hujaona korongo hata mmoja, hujaona mti uliochanua, unataka kuufungua? Halafu mwanguke bondeni na padri wa watu?"

"Padri, mwambie."

"Kanisa halina neno juu ya sufu, mwanangu," akasema Padri Kuzman, akaivuta chini mikono ya joho lake. Lakini wote walikwisha kuona vifundoni mwake uzi mwekundu na mweupe.

Penyo akatazama mbinguni: ukungu. Akatazama miti: myeusi, mitupu. Kule mlimani wazee walikuwa wakingoja kengele. Akavua kofia, akafumba macho, mvua ikamwangukia kipara.

"Bwana," akasema kimoyomoyo, "sikuombi gari la moto kama la Eliya. Nakuomba ua moja tu, hata dogo."

Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichokiona ni mwaprikoti wa Metodi, ule wa matunda ya manjano, uliosimama ukutani nyuma ya tanuri la mkate. Tawi lake moja lilikuwa limevikwa gunia.

"Metodi, gunia lile linafunika nini?"

Metodi akaacha kutafuna. "Tawi."

"Tawi tupu nalo huvaa koti?"

"Linasikia baridi."

"Leo ni sikukuu, na padri huyu hapa. Nakuuliza mbele yake: kuna nini chini ya gunia?"

Metodi akaitazama pikipiki, ambayo moyoni alikwisha kuipakia maboga. Akamtazama padri. Akatema ganda la mwisho.

"Ua limefunguka jana," akasema. "Moja tu. Msilipumulie sana."

Basi msafara ukaingia uani kwa Metodi: padri na mwavuli wake, Penyo na koleo lake, Bibi Grozda na miwani ya marehemu. Bibi akalichunguza ua lile kama daktari anayetazama koo.

"Ni ua," akahukumu.

Hakuruhusu kisu. Alirudi akalifungua fundo kwa meno yake mwenyewe, akautundika uzi kwenye lile tawi, na Metodi akavifunika vyote viwili kwa gunia. Ganda la waya, lililoachiwa huru, likalala kwa mpindo mpole. Penyo akageuza usukani. Likateleza.

Akapiga kiki. Farasi akanguruma, Sinevets ikajaa moshi, wakapanda, Metodi nyuma yao na trekta, kina bibi wote wa kijiji wameketi kwenye trela. Walipofika kona ya Shingo ya Mbuzi, makaburi ya waya mbili, Padri Kuzman akafumba macho na kuanza zaburi. Penyo akabana klachi, akashusha gia, akageuza usukani mpaka mwisho, akaachia. Waya haukukatika. Kengele ya mlimani ikalia, na tangu siku hiyo watu wa huko huhesabu mambo kuwa ya kabla au ya baada ya kona ile.

Mlangoni pa kanisa, Bibi Grozda akainua mkono.

"Sikieni, na Padri awe shahidi. Pikipiki ya Nayden ni ya Penyo. Na naahidi mbele yenu: mwakani uzi wa Machi nitaufunga kwenye sharubu zake. Hizo azikunje atakavyo, hazikatiki."