Kompyuta Inayomwogopa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Likizo imeanza vizuri. Mke wangu alipotoka tu asubuhi, niliifuta kompyuta yake yote nikaiwekea mfumo mpya wa kuiendesha. Mfumo huria! Wa bure kabisa, umeandikwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na kila mtu ana ruhusa ya kuuchungulia ndani. Mafaili yake niliyahamishia kwenye flashi kwanza. Mimi si mwendawazimu. Kompyuta hiyo kongwe ukiiwasha zamani, unaoga, unavaa, unakunywa chai, ndiyo kwanza inafunguka. Sasa inafunguka hujamaliza kupiga mwayo.

Amerudi jioni, miguu imevimba. Anachapa barua za watu kwenye kibanda cha steshenari, kutwa amesimama. Nikamwonyesha. Akauliza nimefanya nini. Nikamweleza. Akauliza kama nakumbuka kuwa Ijumaa saa nne ana usaili kwa video. Nakumbuka sana! Kampuni ya bima inataka mtu wa kuhudumia wateja akiwa nyumbani kwake, amekaa kitini, kwa kompyuta yake mwenyewe. Ndiyo maana nimeifufua! Mara kaka yake akabisha hodi, tukainuka kumkaribisha. Kurudi, kompyuta imeganda. Mshale hausogei. Saa ya kwenye kioo imesimama. Mke wangu akaifunika kwa kanga kama maiti, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 4 Machi

Huyu shemeji ni fundi televisheni. Kimoyomoyo namwita Bwana Nilisema. Kitu chochote kikiharibika, yeye alishasema. Jana kasema alishasema, kisha akajitolea kutuazima kompyuta ya dukani kwake. Nikamshukuru nikakataa. Msaada wa Bwana Nilisema nitasimuliwa mpaka nizeeke.

Nadharia ya kwanza: joto. Nimeiweka juu ya sinia la chuma, kitambaa kibichi chini ya sinia, feni imeelekezwa kwake, mimi natoka jasho. Nimechapa asubuhi nzima. Haikuganda! Wakati wa kula niliizima, umeme hauokotwi. Nimerudi, nimeendelea kuchapa, mambo safi. Bwana Nilisema akapita, eti kutusalimu tu. Nikainuka kumpa mkono. Imeganda! Nikaipapasa. Baridi tupu.

Nadharia ya pili: vumbi. Nikaifungua kwa bisibisi, nikaipiga brashi ya rangi, nikaifunga. Imebaki skrubu. Sijui ni ya wapi, na kompyuta haijaiulizia. Ikafanya kazi vizuri mpaka jioni, Bwana Nilisema alipofuata kofia aliyoisahau. Imeganda tena!

Jumatano, 5 Machi

Ni yeye. Haiwezi kuwa kitu kingine. Akija inaganda, asipokuja haigandi. Mke wangu anasema namsingizia kaka yake uchawi. Sikutaja uchawi. Nilisema ana kitu.

Nadharia ya tatu: mifuko. Mafundi hutembea na sumaku, kila mtu anajua. Kwa hiyo leo nimemwita makusudi, nikamzuia mlangoni, nikamwomba kwa heshima zote atoe vitu vyote mfukoni aviweke kwenye beseni. Akauliza kama siku hizi nyumba ya dada yake inaingiwa kwa kupekuliwa. Mke wangu akainamisha uso. Mifukoni: bisibisi, waya, tiketi za zamani, na pipi. Pipi, mtu mzima na ndevu zake! Sumaku hakuna.

Akaingia mikono mitupu. Tukapeana mikono. Habari za nyumbani, za kazi, za mama, za mgongo wa mama, za jirani wa mama. Nikageuka. Imeganda. Shemeji akasema alisema.

Mke wangu ameniambia waziwazi kuwa anaogopa. Kibandani tajiri wake anatafuta msichana mdogo wa kushika nafasi yake, na miguu hii ya kusimama kutwa haitamaliza mwaka. Ameomba tukaazime ile ya dukani. Nimemwomba anipe siku moja tu. Hasira zimeniisha, sasa imebaki hamu. Nataka kujua! Kompyuta inamjuaje shemeji yangu?

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio kubwa. Nimemwita shemeji tena, nikampa masharti: abishe hodi, aingie, asalimie kama kawaida, lakini mimi nitaendelea kuchapa. Sitainuka wala sitampa mkono. Akavimba. Akasema kwao hata mgomvi wao hupewa mkono. Nikamwambia hii ni sayansi. Akanitazama sana, kisha akaenda nje akabisha hodi.

Akauliza habari za asubuhi. Nikaitikia huku nachapa. Za nyumbani. Nachapa. Za likizo. Nachapa. Akasogea, akakaa pua na mdomo na kompyuta, akaipulizia kabisa. Haikuganda! Nikaruka juu, nikamkumbatia, tukazungushana sebule nzima, yeye hajui tunashangilia nini. Kugeuka, imeganda.

Loo! Nilikaa chini. Si yeye jamani, ni sisi! Akija tunaachia kila kitu, tunasalimiana mpaka tumfikie jirani wa mama, na kompyuta inabaki peke yake haina kazi. Nimeiwasha tena, nikaiacha bila kuigusa, nimefumbata mikono mgongoni, shemeji nimemfukuzia uani. Imeganda! Maskini, nimempekua mtu bure. Nimemwambia uchunguzi bado unaendelea.

Nikauliza kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaotumia mfumo huu. Chai haijapoa, mtu nisiyemjua kanijibu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za umri huu zikikosa kazi hulala kidogo, na mfumo mpya unazilaza fofofo, hazijui tena kuamka. Kuna mstari wa maneno unaongezwa kwenye maagizo ya kuwashia, unaikataza prosesa kulala hivyo. Nimeuandika. Nimeiwasha, nimeiacha, nimekwenda kununua sabuni na kupiga soga kwa muuza duka. Kurudi, saa ya kwenye kioo inatembea! Nimeibusu.

Mke wangu amelia kidogo kwa furaha. Mimi nina wasiwasi. Tatizo kubwa hivi liishe kwa mstari mmoja, tena wa bure? Nimeandaa mpango wa akiba. Hajui.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne kasoro nilikuwa chini ya meza. Kitambaa cha meza kinafika sakafuni, hakuna anayeniona. Mkononi nina kipanya cha kompyuta. Kazi yangu ni kukisogeza kidogo kidogo usaili mzima, ili kompyuta isipate nafasi ya kusinzia.

Akakaa. Amevaa blauzi aliyoivaa siku ya mahari. Watu wa kampuni wakaanza kumuuliza, na sauti yake ikatetemeka. Miaka yote hii sijawahi kuisikia ikitetemeka, hata siku ile nilipoiuza cherehani yake. Moyo ukaniuma kweli. Nikakisogeza kipanya kwa bidii zaidi.

Wakamuuliza atafanya nini na mteja mkaidi, asiyesikia, anayeharibu mwenyewe kisha anataka asifiwe. Hapo hapo vumbi likaniingia puani. Nikapiga chafya iliyoitikisa meza. Mke wangu akanitia teke la ubavuni, sauti haikubadilika hata kidogo, akajibu kuwa mteja wa aina hiyo anaishi naye: humsikiliza, humtabasamia, halafu humweka mahali anapoweza kumwona. Walicheka mpaka nikakaribia kucheka nami. Kuanzia hapo sauti haikutetemeka tena. Alizungumza kama mwenye kampuni.

Na kompyuta haikuganda! Nikatoka nachechemea, miguu imekufa ganzi, nikatangaza kuwa mkono wangu ndio ulioishikilia. Bwana Nilisema, aliyekuja kujua yaliyojiri, akauokota waya wa kipanya. Haukuwa umechomekwa popote. Mke wangu alicheka akakaa sakafuni. Nasisitiza kuwa ulichomoka mwishoni.

Jumamosi, 8 Machi

Wamemwandikia. Amepata! Kazi ni yake! Wanampigia simu Jumatatu asubuhi, saa tatu kamili, waelewane masharti. Asipopatikana, wanampigia anayemfuatia. Amecheza jikoni na mwiko mkononi, kisha akakaa akainyoosha miguu yake akaitazama muda mrefu. Akaiambia pole, kazi ya kusimama imekwisha. Nusura nilie.

Ameniomba zawadi ya aina moja tu: nisiiguse tena kompyuta yake maisha yangu yote. Nimeapa, shemeji akiwa shahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Kiapo kiko palepale. Kompyuta sijaigusa, hata kuifuta vumbi sijaifuta. Mimi ni mtu wa neno langu.

Lakini ile simu yake! Nzito, ina mikwaruzo, ukibonyeza inakujibu inapojisikia. Mtu wa kampuni kubwa anapokelewaje kwa simu kama ile? Na kumbe kuna mfumo huria wa simu pia. Wa bure! Saa tatu kasorobo aliingia kuoga, nikaona muda unatosha, atoke akute mambo mapya.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Sasa imetoa alama ya duara, inazunguka. Inazunguka bado. Nimebonyeza kila kitufe, nimetoa betri, nimeirudisha, duara limerudi. Ajabu kweli! Kitu gani kinaweza kuizungusha hivi? Nina nadharia, tena nzuri.

Saa tatu na dakika zake. Mke wangu anauliza kutoka bafuni kama simu yake imelia. Nimemjibu, kwa ukweli mtupu, kwamba haijalia hata mara moja.