Kuhusu Wale Saba wa Uajemi na Mume Wangu Kassimu

Muyinga, 14 Mei 1998

Kwa Bwana Kamanda wa Kizuizi cha Barabarani,

Kwa heshima, mimi Zaituni, mwalimu wa historia hapa Muyinga, nakuandikia kuhusu mume wangu Kassimu, dereva wa basi la Gitega, mnayemshikilia tangu Jumatatu. Alikutwa na bahasha ya somo langu, iliyotumwa na mwalimu mwenzangu Bernadette wa Gitega: watu saba wanaingia ikulu kumuua mfalme wa uongo. Najua wakati huu wa vita kila karatasi inatisha. Lakini ikulu hiyo ilikuwa Uajemi, miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Nalalamika hivi:

1. Mlinzi aliniambia langoni: "Mwalimu, tutajie hao saba, ama bwana yako atazeeka humu." Ningependa kusaidia. Ila mfalme aliyewaongoza alichongesha orodha yake mwambani. Mgiriki mmoja akabadilisha jina moja. Mwingine, mganga wa ikulu, karibu yote. Nimtaje nani?

2. Hata aliyeuawa hajulikani. Mfalme mpya asema alikuwa kuhani aliyejifanya mwana wa mfalme. Huenda, nasema huenda tu, alikuwa mwana wa mfalme kweli.

3. Katika somo hilo, Mgiriki wa kwanza asimulia kwamba mke alimpapasa mfalme huyo wa uongo usingizini akakuta hana masikio. Kwa hiyo, mlinzi wenu ameniambia, mlimvua dereva kofia, mkaona sikio lake la kushoto ni nusu, mkafunga kesi. Katika miaka tisa ya ndoa sikumbuki nusu hiyo. Lakini sikuwahi kupapasa, siwezi kuapa.

4. Sijaruhusiwa kumwona, napeleka chakula tu, na sokoni siku hizi hakuna ila sombe, yale majani ya muhogo. Kassimu hagusi sombe tangu utoto. Kwenu sufuria ya sombe hurudi imekombwa. Mmemtesa kiasi gani?

Naomba mumwachie, au basi muunde tume ya kuchunguza Uajemi, nami nitakuwa katibu.

Wasalimie askari wote, pamoja na yule wa langoni.

Wako katika mashaka ya kitaalamu,
Zaituni

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Kassimu ameingia. Nimepapasa: masikio mawili, kamili. Kumbe basi na vitambulisho alimwachia dereva mwenzake, Ilyasi, ndiye mliye naye. Mwenyewe alikuwa Gitega, mtaa wa Yoba, kwa shughuli aliyonieleza kwa namna tatu zisizolingana. Tafadhali mwachieni Ilyasi leo, ila chumba chake msimpe mtu. Nakuja na huyu.