Pembe Mbili Juu, Pembe Mbili Chini

Jumatatu, 14 Mei 2007

Wiki yangu ya mwisho ya majaribio kazini! Mzee Jagdish, mwenye karakana yetu ya turubai hapa Nakuru, ametangaza kwamba kuna mteja, Mama Njoki wa Mai Mahiu. Anataka paa la turubai juu ya uwanja wa hoteli yake, ili madereva wa malori wapate kula bila kuchomwa na jua. Ufunguzi ni Jumapili. Atachagua mchoro Alhamisi, na aliyeuchora atapewa meza ya kompyuta. Kwa mshahara!

Wachoraji ni wawili. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Na Nitin, mpwa wa Mzee, mwenye diploma na penseli nyuma ya kila sikio.

Nikishindwa, mama amesema naenda Olenguruone kwa shangazi kukamua Malkia. Malkia ni ng'ombe. Alinipiga teke Desemba. Hajaonyesha majuto.

Silaha yangu ni programu ya kuchora mapaa, ya kujaribu bure siku kumi na tano. Unasimamisha nguzo nne, unabonyeza, kitambaa kinajivuta chenyewe mpaka kitulie. Nitin anasema ni mchezo wa watoto. Wivu mtupu.

Jumanne, 15 Mei

Balaa. Programu imekataa kufunguka. Siku zimeisha! Sikumwambia mtu. Sijamwambia mtu kitu tangu nianze kazi hapa, kwa hiyo hakuna aliyeshuku.

Saa nne nikapata wazo. Nimerudisha kalenda ya kompyuta hadi Mei mosi. Ikafunguka! Nimedanganya mashine nzima bila kufungua mdomo. Nadhani nina kipaji cha uovu.

Mchoro umetoka pembe mbili juu, pembe mbili chini, kama tandiko la punda. Mzuri mpaka niliona haya kuutazama.

Fundi Naftaly, anayekata turubai hapa tangu kabla sijazaliwa, alipita na kikombe cha chai. Akasema hapo sawa, maji yana pa kwenda. Nilitaka kumjibu. Nikakohoa.

Jumatano, 16 Mei

Ujasusi. Nimeangusha kifutio chini ya meza ya Nitin mara nne ili nichungulie mchoro wake. Yeye pia ana pembe mbili chini! Ama ameniibia, ama ana akili. Yote mawili hayanifai.

Mara ya nne aliniuliza: "Madam Kompyuta, hicho kifutio kina miguu?"

Nimepata jibu kali sana. Nimelipata jioni hii, nikiosha sufuria.

Alhamisi, 17 Mei

NIMESHINDA.

Mama Njoki amefika, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita chakula kutoka jikoni. Alipoona karatasi ya Nitin alitikisa kichwa. Pembe za chini za nini? Wateja wake ni madereva, si watoto wa nasari, watagonga vichwa. Nitin akaanza kumweleza habari za mvua. Akamwambia: "Kijana, mimi nauza chapati. Usinifundishe mvua."

Halafu akaja kwangu. Nikazungusha paa kwenye kioo cha kompyuta, likageuka kama msichana anayejaribu rinda. Akapenda! Ila nimpandishie zile pembe mbili, zote nne zilingane.

Hapo nilitakiwa kusema kwamba paa bapa litashika maji. Nilijua. Nikasema: "Sawa, mama."

Nilipozipandisha, programu ilitoa onyo jekundu. Nikalifunga. Likarudi. Tumefungana hivyo mara saba, mimi na onyo. Kisha Mama Njoki akapiga makofi, Mzee Jagdish akanipa mkono, na Sapna wa ofisini akachapisha kadi ya kazi kutoka kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Niliandika kikaratasi: "Samahani, mama, maji yatalala juu." Nikakiweka kwenye mfuko wa sketi nimpe akiondoka. Akaondoka.

Ijumaa, 18 Mei

Nimekaa kwenye meza yangu siku nzima. Nimeipanga upya mara tatu. Nitin hakunisalimia. Tamu sana.

Saa kumi Mzee akauliza turubai ya Mama Njoki imefika wapi. Haijakatwa! Kadi ilikuwa kwenye msumari wa kazi zilizokwisha. Naftaly akaileta, akasoma kwa sauti: ifikapo tarehe tano Mei iwe imekamilika. Akasema yeye aliona tarehe imepita, akajua ni kazi ya zamani, akaitundika.

Mzee akamgeukia Sapna. Sapna akasema tarehe hujiandika yenyewe, siku mbili baada ya kadi kuchapishwa, aulizwe kompyuta. Wote wakaitazama kompyuta. Mimi nikatazama dari.

Jumamosi, 19 Mei

Tumeshona kutwa. Naftaly aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na pembe. Niliinamisha kichwa. Akachukulia ni ndiyo.

Jumapili, 20 Mei

Mai Mahiu. Tumetundika paa asubuhi. Zuri, bapa kama meza. Pasta akaomba. Madereva wakakaa. Mzee Jagdish akakaa katikati, mahali pa heshima.

Saa nane mvua ikaja kutoka upande wa milima.

Paa likaota tumbo. Kwanza dogo, la mtu aliyeshiba. Kisha la mimba. Kisha la mapacha. Nitin akaniangalia. Naftaly akaniangalia. Nikachukua mpini wa fagio nisukume maji kidogo kidogo yatoke pembeni, mtu asijue.

Yalitoka yote pamoja. Yalimwangukia Mzee, na karai la chapati.

Nilisimama na fagio. Nikatoa kile kikaratasi mfukoni nikampa Mzee. Mama yangu alikuwa amefua sketi. Mzee akafungua, akakuta wino umevuja wote. Akauliza hii ni nini. Nikasema: "Onyo."

Nitin na Naftaly wakazamisha nguzo mbili chini zaidi. Pembe mbili juu, mbili chini. Maji yakateremka mfereji mzima. Mama Njoki, aliyekuwa amefungua mdomo kutukana, akaufunga. Huku maji hununuliwa kwa mikokoteni ya punda. Akaita mapipa! Mawili yamejaa kabla mvua haijaisha. Akauliza nani alibuni pembe za chini.

Nilikuwa nazo tangu Jumanne! Nilifungua mdomo. Nikakohoa.

Nitin akasema ni yeye.

Jumatatu, 21 Mei

Meza ni ya Nitin. Niliambiwa nifunge virago, lakini Naftaly akamwambia Mzee anahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa futi kamba, tena mtu asiyepiga domo. Malkia itabidi angoje.

Naftaly ni mwema. Amesema kosa langu lingezuiwa na neno moja, na kesho nianze kwa kumwambia "hapana" angalau mara moja. Nimekubali. Nimekubali kila alichosema.

Walipoenda kula mchana nimeingia ofisini. Sapna alikuwa amerekebisha kalenda, programu imekufa tena. Nimerudisha Mei mosi.

Sasa kwa kompyuta hiyo Mama Njoki hajaja, mvua haijanyesha, na Nitin hana meza. Nina wiki mbili nzima mbele yangu. Safari hii nitatumia fagio refu zaidi.