Omega Tatu kwa Njia ya Kuku

Jumatatu, 3 Machi 2025

Zimebaki siku kumi na moja nikapimwe tena. Desemba nesi Prisca aliniambia mafuta kwenye damu yangu yamezidi. Nipunguze vya kukaanga, nile samaki wenye mafuta walau mara mbili kwa wiki, nipate omega tatu. Miezi mitatu yote nimekuwa kwenye maandalizi.

Tatizo ni samaki mwenyewe. Hapa Tukuyu wa karibu ni usipa, wale wadogo wa Ziwa Nyasa wanaopandishwa kutoka Kyela. Usipa analiwa na kichwa chake. Macho yananitazama.

Tatizo la pili ni Asajile, jirani yetu hapa Ibighi, ambaye ndiye anauza usipa mzuri. Tulipimwa siku moja. Yeye alinizidi mafuta. Sasa yameshuka, na jana kanisani alisimama kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu na usipa. Mke wangu Ikupa akaninong'oneza, "Mwenzako huyo."

Nimeamua: parachichi. Nina miti kumi na miwili, na kila mtu anasema mafuta yake ni mazuri. Leo nimekula matatu.

Jumanne, 4 Machi

Parachichi manne. Tumbo zito.

Nimekutana na Prisca sokoni akinunua nyanya. Nikamweleza mpango wangu. Akasema parachichi ni zuri, niendelee nalo, ila moja linatosha, na mafuta yake mengi ni omega tisa. Omega tatu imo kidogo sana.

Nikamuuliza nani alizipa namba, na omega moja na mbili zimekwenda wapi. Nilitaka kujua kweli. Akachukua kalamu, akachora nyuma ya bahasha mnyororo kama wa shanga. Akasema chembe ya mafuta imeungana hivyo. Ukihesabu kutoka mkiani, kuna mahali shanga mbili zimeshikana kwa kamba mbili badala ya moja. Mahali hapo pa kwanza pakiwa kwenye shanga ya tatu, hiyo ni omega tatu. Pakiwa kwenye ya sita, ni omega sita. Omega sita tunaipata tele kwenye mafuta ya alizeti. Tisa mwili unaweza kujitengenezea. Tatu hauwezi, lazima uile.

Nikauliza kuhusu soya. Akasema soya inayo, ila siyo aina ileile ya samaki, na mwili unaigeuza kwa shida.

Basi nikauliza samaki anaitoa wapi. Hapo akacheka, akasema wagonjwa wengine huuliza bei ya dawa tu. Samaki naye hajitengenezei, akasema. Inaanzia kwenye vijimea vya kijani vidogo mno majini. Vidudu wanavila, samaki wanawala vidudu.

Nimerudi na bahasha. Nimeitazama mchana kutwa. Kama samaki ameipata kwa kula, basi siyo mali ya samaki. Anapita nayo tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata jibu. Kuku.

Tunao wanne, wote wanataga. Kuku akila usipa, omega inaingia kwenye yai. Mimi nala yai. Yai halina macho.

Nimekwenda kwa Asajile mwenyewe. Ilikuwa vigumu. Akanipimia huku akitabasamu.

"Baba Tulia, umeamua kuishi," akasema.

Nikamjibu nimeamua. Akaniongezea konzi mbili juu, akasema hizo ni za Mungu. Kuku wamezimaliza kabla sijafunga mlango wa banda.

Usipa waliobaki mkobani Ikupa amewaona jikoni. Akawasha moto. Amepika usipa kwa nyanya na ndizi. Sahani yangu ilijaa. Nikasema siku hizi napenda kulia nje, kuna hewa. Ndizi nimekula mimi. Usipa wameliwa na kuku.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya nne. Mpango unakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila mchana Ikupa ananijazia sahani, natoka nayo, narudi nayo tupu. Anaosha sahani akiimba.

Leo amempigia simu mdogo wangu Yohane. Yohane alipata kiharusi mwaka juzi, mkono wake wa kushoto mpaka leo haufungi. Nimemsikia Ikupa akisema, "Shemeji, kaka yako anakula samaki."  Kisha Ikupa akasema usilie, shemeji, ni habari njema.

Nilijisikia vibaya kifuani. Huenda ni parachichi.

Mayai mpaka sasa ni saba. Ikupa akienda shambani najikaangia mawili mawili kwa mafuta ya mawese, kwa sababu yai lenye omega linahitaji kitu cha kulishusha. Linanuka kidogo Kyela. Nachukulia kuwa ni dalili nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Asajile amenishika mkono mbele za watu, akawatangazia kwamba nami nimeingia kwenye usipa. Watu wamepiga makofi. Nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ikupa alikuwa anang'aa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza mapema. Ikupa amerudi kutoka shambani kabla ya wakati. Amenikuta nimechuchumaa bandani, sahani mkononi, kuku wamenizunguka.

"Baba Tulia, hao wanakula nini?"

Nikasema mabaki.

"Mabaki ya nani?"

Nikamweleza yote. Vijimea vya ziwani, vidudu, mnyororo, kamba mbili. Nilimletea na bahasha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mvua ikimchuruzika usoni, jembe bado begani. 

Kisha akasema tangu Jumatano yeye amekuwa akijipakulia mchuzi na ndizi peke yake. Usipa wote alikuwa ananiwekea mimi. Nilipomuuliza mbona sahani yake haina usipa, alinijibu ameshiba. Nakumbuka. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa.

"Mimi hayo mafuta ya damu siyajui," akasema. "Namjua mke wa Yohane. Nimemwona anavyomlisha mume wake kwa kijiko. Ndicho ninachokiogopa. Wewe unawapa kuku."

Akaweka jembe ukutani, akaingia ndani. Nilibaki na sahani. Kuku waliendelea kudonoa vidole vyangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka kabla yake. Nimechambua usipa mwenyewe, nikawaosha, nikawachemsha na nyanya na kitunguu, bila kukaanga. Chumvi imezidi. Nimepakua sahani mbili, nikazipima kwa macho mpaka zikalingana.

Ikupa akakaa. Akangoja. Nikafumba macho, nikaweka mmoja mdomoni mzima mzima. Kichwa hakina ladha ya macho. Ni chumvi na kitu kama karanga. Nimekula saba. Yeye alikula bila kuniangalia, lakini alipofika katikati akaongeza ndizi kwenye sahani yangu.

Nimemwahidi mambo mawili. Nitakula samaki mwenyewe. Sitamficha kitu tena kuhusu chakula.

Ijumaa, 14 Machi

Kliniki, bila kunywa hata chai. Ikupa amenisindikiza. Asajile naye alikuwepo, hakuna aliyemwita, amekuja kunitia moyo.

Mafuta yamepanda.

Prisca aliangalia karatasi mara mbili, akaniuliza nimekula nini siku hizi. Ikupa akakohoa. Nikaeleza habari ya kuku. Prisca akaweka kalamu chini. Akasema wazo lenyewe siyo la kipuuzi. Kuku akilishwa hivyo, yai kweli hubadilika, ila taratibu, na omega yake ni kidogo mbele ya samaki. Nilifurahi sana. Nikamwangalia Ikupa ili asikie.

Kisha Prisca akauliza mayai niliyala vipi. Nikasema ya kukaanga. Kwa mafuta gani? Nikasema mawese. Mangapi? Nikasema mawili kwa siku, wakati mwingine matatu. Akashika kalamu tena, akaandika muda mrefu.

Nimepewa vidonge. Nirudi Juni. Samaki mara mbili kwa wiki, wa kuchemsha au kuchoma, niwale mwenyewe kwa mdomo wangu. Hilo la mdomo aliliandika kwenye kadi na kulipigia mstari.

Njiani Asajile hakunicheka. Amesema ataniwekea usipa wa Jumatano. 

Jumapili, 16 Machi

Siku mbili nimekuwa nikifikiri kwa utulivu. Prisca mwenyewe amekiri kwamba wazo siyo la kipuuzi. Basi kosa halikuwa kwenye wazo. Kosa ni ukubwa wa mnyama. Kuku ni mdogo, anabeba kidogo.

Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa hayakaangwi.

Ikupa amekwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nimechanganya kopo la usipa na pumba, nikaweka mbele ya ng'ombe. Amenusa. Amerudi nyuma hatua mbili. Nimeongeza chumvi. Nitamwambia Ikupa, ng'ombe akishaonja kwanza.