Mbolea Iliyofika Gatwekera

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Nimepata kazi! Bwana Nderitu wa Kawangware anasimamia ukaguzi wa mbolea ya bei nafuu ya serikali: je, iliwafikia wakulima? Kanipa fomu arobaini na nauli ya kwenda kwetu Bungoma, nizunguke boma kwa boma. Njiani akili ikafanya kazi. Niende kwa nini? Wenye mashamba wote wa kijiji chetu wamepanga vyumba hapa mjini, Gatwekera! Nauli nimenunulia blanketi la Nabalayo, mke wangu. Zito, jekundu. Baridi ya asubuhi huko shambani inamwonea.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeanza na jirani yangu, Khamala seremala. Alipata mifuko sita, asema. Hajakanyaga shamba tangu Krismasi, lakini jina ni lake. Wa pili akauliza kwanza Khamala kasema ngapi. Akasema nane. Kufika jioni tulikuwa tumepanda hadi mifuko kumi na moja. Fomu ya mwisho nikajijazia mwenyewe: kumi na mbili. Khamala hanishindi.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimepeleka fomu Kawangware. Nderitu kashangaa viatu vyangu havina tope. Nikasema nilivipangusa kwa heshima yake. Akasifu mwandiko. Akasema sehemu yenye mbolea nyingi hivyo haihitaji nyingine, mwakani itapelekwa kwingine. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi, 7 Septemba
Nabalayo amefika bila taarifa! Moyo uliruka. Kisha akafungua leso yake. Mahindi ya shamba letu, madogo kama kidole gumba changu. Mbolea hakupata hata kiganja. Mara tatu alikwenda stoo ya ushirika, mara tatu akaambiwa jina kwenye orodha ni la mume, mume aje atie sahihi. Wanawake wa kijiji kizima waliambiwa hivyo hivyo. Haraka nikampa blanketi. Akalipapasa, akauliza pesa nilitoa wapi. Nabalayo simwezi kwa uongo. Nikasema yote. Akalikunja blanketi.

"Ungekuja tu, Baba Nabwire," akasema. "Blanketi ninalo."

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 9 Septemba
Tulikwenda Kawangware wawili. Nabalayo akapanga mahindi yake juu ya meza ya Nderitu, akakaa. Mimi nikakiri. Bahati, fomu zilikuwa bado hapo. Nderitu akazichana, akanipa nyingine arobaini, akasema safari hii anataka kuona tope. Nauli nijitafutie. Nimeuza koti la Jumapili. Blanketi Nabalayo kakataa liuzwe.

Jumanne, 10 Septemba
Ndani ya basi, bado halijaondoka. Nabalayo amelala begani kwangu, blanketi limetufunika wote wawili. Sijui niliwezaje kukaa miezi minane bila huyu mtu. Kesho nakwenda naye stoo, jina lake liandikwe kwenye orodha, asimngoje tena mume yeyote. Hilo nimeapa.

Lakini nimeangalia huku na huku. Basi zima ni watu wa kwetu! Viti arobaini, fomu arobaini. Kuna haja gani ya kuzunguka? Tope nitajipaka nikishuka. Nimeanza na dereva. Anasema alipata mifuko kumi na mitano. Nimeandika: ameridhika kabisa.