Betri ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mgao wa umeme unaanza kesho. Unakatika asubuhi, unarudi jioni, wiki nzima. Wenzetu wanalilia friji zao. Sisi tuna mama mkwe, na mama mkwe anapumua kwa mashine. Imekaa kando ya kitanda chake, inamletea oksijeni puani kwa mrija. Bila umeme ni kabati tu lenye matairi.

Muuguzi anayekuja kumwangalia ametuambia wazi: mashine ikizima, mama hatahimili muda mrefu. Mke wangu akaniuliza tufanyeje. Nikamwambia aniachie mimi. Akashika kichwa.

Hata hivyo mpango ninao! Kwenye stoo ya shule ninayoitunza kuna betri ya lori, lori lenyewe lilishakufa. Mkuu wa shule amekubali niiazime, Mungu amzidishie. Nitaunganisha betri, inveta ya kugeuza umeme wake uwe kama wa nyumbani, na waya mrefu. Kazi kwisha.

Mke wangu alidokeza kwamba tungemwomba jirani. Jirani ni fundi cherehani, ana jenereta. Likiwashwa, mtaa mzima haulali, ndiyo maana tunamwita Ngurumo. Nimwombe yule? Mkwe ni mimi, si yeye.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ushindi! Betri iko barazani. Waya nimeupitisha kwenye tundu la hewa, juu ya dirisha la mama mkwe. Ndani sikuingia. Tangu ahamie kwetu sijavuka mlango wa chumba chake. Namsalimia nikiwa koridoni, macho chini, kama mtu mwenye adabu zake. Nikaita kupitia tunduni, aliyemo achomeke plagi. Mama mkwe akajibu kwamba tayari, mwanangu.

Papo hapo redio yake ikaanza kuimba. Basi nikajua mambo safi. Mtu anayetafuta pumzi hasikilizi muziki! Akanishukuru kupitia ukutani, akasema hakuzaa mtoto wa kiume lakini kampata. Nilikaa barazani nikafuta macho.

Ngurumo naye kawasha lijenereta lake tangu asubuhi. Makelele matupu. Tena nimegundua kafunga kamba ya manjano kutoka dirishani kwake hadi nyuma ya nyumba yetu. Ya kuanikia nguo, bila shaka. Na hakuomba ruhusa! Nimeanika soksi zangu zote hapo. Ajue kwamba kwangu kuna mwenyewe.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Redio imeimba kutwa. Mama mkwe buheri wa afya. Mke wangu nimemkuta mara mbili akinitazama kama anataka kusema kitu, halafu anameza. Nadhani ananionea fahari.

Nimekutana na Ngurumo getini. Aliuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia vizuri sana, kwa betri yangu. Akakohoa, akasema Mungu ashukuriwe. Kisha akatazama soksi. Kijicho hicho!

Mchana mteja wake mmoja kaondoka akinung'unika, gauni limejikunja kama karatasi ya vitumbua. Kisa, fundi siku hizi hapigi pasi. Ana jenereta, hapigi pasi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huyu jenereta lake ni la kutukera tu.

Sasa kelele zile zitamchosha mgonjwa wangu. Dawa yake ninayo. Nyuma ya nyumba kuna mbao na godoro kuukuu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ya leo ni ya aibu. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi Ngurumo alitoka kupeleka nguo za wateja, jenereta kaliacha linanguruma uani kwake. Nikaruka ukuta na sanduku langu: mbao nje, godoro ndani. Nikalifunika gubigubi. Loh, utulivu! Nikarudi barazani, nikakunja nne, nikasikiliza redio ya mama mkwe.

Jenereta likakohoa. Likakohoa tena. Likazima. Nikajipongeza.

Ndipo chumbani kwa mama mkwe kukapigwa kengele kali. Mke wangu akapaza sauti kwamba mashine imezima. Nikamwambia haiwezekani, mbona redio inaimba? Akatoka mbio, akaniambia yote kwa pumzi moja. Betri yangu inaendesha redio. Ndiyo plagi iliyokuwa karibu na mkono wa mama siku ile. Mashine inakula umeme wa Ngurumo tangu Jumanne, yeye mke wangu ndiye aliyemwomba, na hawakuniambia wasinivunje moyo. Ile kamba ya manjano ni waya.

Nimeanika soksi kwenye pumzi ya mama mkwe.

Mke wangu akakimbilia jenereta, akalivua godoro. Limechemka, haligusiki, haliwaki. Mimi nikawa mlangoni pa mama mkwe, macho chini kwa mazoea. Nikasikia sauti yake, nyembamba kama uzi. Alisema niingie, tutaoneana haya akishapona.

Nikaingia. Nikachomoa redio, nikachomeka mashine. Inveta ikalia, ikanyamaza. Nikaona mama amefumba macho na midomo imebadilika rangi, nikaanza kusali na kumsihi fundi aliyeitengeneza ile inveta, popote alipo. Mashine ikavuta pumzi. Na yeye akavuta. Nilimshika mkono, yeye akanishika zaidi, na hakuna kati yetu aliyeona haya.

Betri ilitupa muda wa kutosha. Muuguzi, aliyepigiwa simu na mke wangu, alifika na mtungi wa oksijeni kabla haijaisha. Nilimkumbatia bila kumuuliza.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama mkwe ameamka, amekunywa uji, ameuliza kama soksi zimekauka.

Nimekwenda kwa Ngurumo, sanduku kichwani, kuomba radhi. Alinifokea kwanza, na haki yake. Alinifokea sana. Kisha akavuta kiti, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Jenereta lake dogo haliwezi kubeba pasi na mashine ya mama kwa pamoja. Basi akaizima pasi. Siku zote hizi amewapa wateja nguo zilizokunjamana, ametukanwa, amekaa kimya. Hata mimi nilipomcheka alinyamaza. Nikalia mbele yake kama mtoto. Akanipa kitambaa cha kufutia, kilichokunjamana.

Ninao watu, jamani. Mkuu wa shule na betri yake. Fundi huyu. Muuguzi aliyekuja mbio. Mke wangu aliyenijua akanizunguka. Mama mkwe anasema hata redio ilimfaa. Mgao ulikuwa ukimtia hofu, na ile sauti ilimfanya asiwe peke yake. Huyo ndiye anayenishukuru mimi! Nashindwa nimweke wapi.

Jenereta limetengenezwa, limerudi kazini. Muuguzi alituacha na agizo moja: betri sasa ni akiba ya mashine, ijazwe kila jioni, isiguswe na mtu. Alinifanya nirudie maneno yake. Nikarudia yote, sikukosea hata moja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sikulala kwa kufikiria. Mtu kakuzimia pasi yake ili mama yako apumue, nawe umpe asante ya mdomo? Haiwezekani. Mpango ninao!

Umeme umekatika asubuhi kama kawaida. Mashine ya mama iko kwenye jenereta, salama. Ngurumo kaenda kununua mafuta, mke wangu kaenda sokoni. Betri ipo barazani, imejaa, imekaa bure. Nimeibeba pamoja na inveta yake hadi kwa Ngurumo. Mkewe kanifungulia, maelezo yangu sidhani kama aliyaelewa, lakini kanionyesha pasi ilipo, na mlima wa nguo.

Nimepiga pasi kola moja. Nzuri sana. Inveta inapiga pii pii bila kukoma, inachangamkia kazi. Betri imepata joto kidogo.

Sasa hivi muuguzi kapiga simu kutoka nyumbani kwake, anataka kujua akiba ya mama ikoje. Nimemwambia asiwe na wasiwasi wowote, betri ipo, inapiga pasi. Akaniomba nirudie neno la mwisho. Nadhani aliguswa. Kisha akasema anakuja sasa hivi, na leo ni siku yake ya mapumziko! Watu wanatupenda, jamani.