Mvua ya Ndengu

Jumapili, Oktoba 19

Kura imepigwa chuoni na imeniangukia vibaya. Sisi wa mwaka wa tatu, shahada ya sauti za michezo ya kompyuta, tunatengeneza mchezo mmoja darasa zima: mchungaji anatafuta mbuzi wake aliyepotea. Kila mmoja aende kwao wiki mbili, arudi na sauti moja. Karatasi yangu iliandikwa: mvua juu ya mabati. Kwetu ni Mutomo. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei.

Mutanu, anayeketi mbele yangu na kumaliza kila kazi kabla ya wakati, kwao ni Tawa, ambako kumenyesha mara mbili mwezi huu. Yeye amepata nyayo kwenye mchanga mkavu. Nilimwendea mwalimu wetu, Daktari Mbithe, nikaomba tubadilishane. Alisema hapana. Alisema kazi bora itampeleka mwenyewe studio ya michezo Nairobi kwa miezi mitatu, na atakayeanguka atarudia mwaka.

Nikirudia mwaka itabidi nimweleze Susu, nyanya yangu, ninachosomea. Hilo siliwezi.

Jumatatu, Oktoba 20

Nimefika nyumbani. Susu Kavindu, nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea na ndiye mwenye boma. Ameambia kanisa lote kwamba nasomea kompyuta. Leo alinikuta nikivisha maikrofoni soksi ili upepo usiingie, akauliza kama ile soksi ni ya chuo. Nilisema ni yangu. Aliuliza ya pili iko wapi.

Nikajaribu kumweleza. Kwenye filamu, sauti inajua kitakachotokea. Kwenye mchezo haijui. Mchezaji akisimama nje, mvua isikike vingine. Akiingia jikoni, ibadilike. Akisimama mlangoni, zichanganyike. Na mvua isijirudie kamwe, kwa sababu sikio linachoka upesi na kugundua. Susu alifikiri sana, akauliza ni nani basi anayeamua mvua inyeshe lini. Nikasema ni mchezaji. Akasema nisiwahi kulisema hilo mbele ya pasta.

Jumatano, Oktoba 22

Mawingu: mawili. Yote yameenda Kibwezi.

Mpango wa kwanza: kumwaga maji juu ya paa la jiko. Susu alitumbukiza fimbo kwenye tangi, akanionyesha maji yalipofika. Hayafiki upana wa kiganja. Mpango wa kwanza umekufa.

Jirani yetu Mursal, mwenye duka na soketi za kuchajia simu, ananiambia nitulie, mvua itafika mwisho wa mwezi. Nilimuuliza anajuaje. Alisema inafika mwisho wa mwezi kila mwaka. Hiyo si sayansi. Nimempuuza.

Ijumaa, Oktoba 24

Nimegundua kitu!

Susu alikuwa anachagua mbegu zake za ndengu, yaani choroko, mikebe miwili ya gorogoro ya kupimia nafaka, zimepakwa jivu ili zisiliwe na wadudu. Kidole gumba kikamteleza, ndengu chache zikamwagika kwenye sinia la bati. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Niliruka kutoka kitini. Manyunyu kabisa. Manyunyu ya saa kumi jioni, yale ya kumfanya mtu ageuke kutazama nguo kwenye kamba.

Mchana wote nimejaribu. Ndengu kutoka urefu wa shibiri moja ni manyunyu. Kutoka urefu wa mkono mzima ni mvua ya kawaida. Mbaazi ni yale matone makubwa ya kwanza. Maharagwe ni mvua ya mawe. Kunde hazifai, zinadunda. Kwa nini kunde zidunde na mbaazi zisidunde, wakati ukubwa wao unakaribiana? Nimeziuma zote mbili kutafuta jibu. Sijui bado. Nimelifikiria hili kuliko nilivyowahi kufikiria mtihani wowote.

Jumatatu, Oktoba 27

Mutanu amenitumia ujumbe kuuliza kama kumenyesha. Nilijibu kwamba mawingu ni mazito. Nikamuuliza na mchanga wake vipi. Alisema unaendelea vizuri, mkavu ajabu.

Mkavu? Tawa? Wiki iliyopita aliniambia barabara yao ni matope. Huyu msichana anadanganya chuo. Imeniudhi sana. Kuna watu hawana haya.

Mpango umekamilika. Jumatano Susu ana mkutano wa kina mama wa kanisa hadi saa kumi. Nitaning'iniza kinasa sauti ndani ya jiko, kwenye boriti, kisha nipande paa na gorogoro zote mbili. Ndengu zitateremka kwenye gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, nitazikinga mwishoni kwa beseni, nizirudishe kwenye gunia lake. Hatajua zilisafiri.

Jumatano, Oktoba 29

Niandike kwa utaratibu.

Saa nane na nusu: nilipanda. Saa tisa kasoro robo: matone ya kwanza, kwa mbaazi. Safi. Manyunyu, safi. Kisha nikamwaga gorogoro zote mbili kwa mzunguko mkubwa, kama mtu anayelisha kuku wengi, na ikawa mvua. Ikawa mvua hata kwangu mimi niliyeishika mkononi. Nilihisi baridi kwenye shingo.

Sikujua mkutano umeisha mapema. Susu alikuwa njiani na kina mama watatu, nyuma ya ua wa miba, ambako paa linasikika lakini halionekani. Wakasikia mvua ikipiga mabati. Wakaanza pambio la shukrani, sauti zote nne. Mursal alitoka mbio kuingiza magodoro aliyoyaanika nje ya duka. Susu aliingia uani akikimbia, umri wake wote huo, akachukua sufuria mbili na mtungi na kuviweka chini ya paa. Halafu akatazama juu. Jua kali. Mimi. Gorogoro.

Alisema maneno matatu tu. "Musembi, shuka hapo."

Mimi nilikuwa nawaza beseni. Beseni nilikuwa nimelisahau chini ya kitanda. Gata ya jiko inaenda moja kwa moja kwenye tangi, na mbegu zote za msimu zimeingia kwenye maji yetu ya mwisho. Kina mama waliondoka bila kuaga. Susu aliketi kwenye kigoda, akauliza kwa upole, bila kunitazama, wiki ijayo atapanda nini. Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka.

Alhamisi, Oktoba 30

Nimekuwa ndani ya tangi tangu asubuhi na kikombe. Ndengu zimevimba. Hazipandiki, zinapikika. Tumekula ndengu mchana. Tutakula ndengu jioni. Susu anasema tutakula ndengu mpaka Krismasi.

Amefungia kinasa sauti cha chuo kwenye sanduku lake la bati mpaka mbegu zirudi, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso. Usiku kabla hajakifungia nilikuwa nimeshahamishia rekodi kwenye kompyuta. Hapo nilikuwa mbele yake.

Mursal ana mbegu. Amesema atanipa gorogoro mbili nikimrekodia tangazo la duka, lenye sauti ya kupendeza na muziki kidogo nyuma, apige kwa spika siku ya soko. Angalau mtu mmoja Mutomo anaelewa shahada yangu.

Jumamosi, Novemba 1

Imenyesha.

Saa tisa mchana. Susu yuko shambani, ufunguo uko shambani, kinasa sauti kiko sandukuni. Simu yangu ilikuwa inachaji kwa Mursal. Nilikimbia, nikaichomoa, nikakimbia kurudi. Nilipofika uani mvua ilikuwa imekwisha. Dakika kumi na mbili kwa jumla. Nilichorekodi ni mimi nikihema, na kuku mmoja.

Lakini kabla ya kukimbia nilisimama jikoni kidogo nikaisikiliza. Haianzi katikati ya paa kama yangu. Inaanza pembeni, upande wa duka la Mursal, inatembea juu ya mabati mpaka upande wa pili, na nyuma yake inaacha kishindo kinachojaa. Na harufu inafika kabla ya sauti, jambo ambalo hatujafundishwa la kufanya nalo. Ilikuwa nzuri kuliko yangu mara kumi. Ningesimama pale nisikimbie, ningeisikia yote.

Susu alirudi amelowa, anacheka peke yake. Nimempa mbegu za Mursal. Amezitazama moja moja, akasema zitafaa. Amenirudishia kinasa sauti. Jioni aliniwekea chapati, si ndengu.

Jumapili, Novemba 3

Nimekosea, leo ni Jumapili Novemba 2. Akili imejaa fomu.

Kila sauti inaambatana na fomu: ni sauti ya nini, imerekodiwa wapi, lini, kwa njia gani. Nimetafakari kanisani mahubiri yote. Kumenyesha Mutomo Novemba 1, hakuna anayeweza kukataa, Susu ni shahidi. Sauti yangu ni ya mvua Mutomo. Kwa hiyo nimeandika: mvua halisi juu ya mabati, Mutomo, Novemba 1. Kila neno, ukilichukua peke yake, ni kweli. Pambio la kina mama nimelikata. Nafasi ya studio ni yangu.

Jumanne, Novemba 4

Kazi zimesikilizwa mbele ya darasa lote.

Mutanu kwanza. Nyayo zake zilikuwa kavu mpaka ukatamani maji. Mchungaji akitembea polepole zinasikika hivi, akikimbia zinatawanyika, na hazijirudii. Nilinyoosha mkono nikauliza, kwa heshima, mchanga mkavu wa Tawa ameutoa wapi. Nilijua nimemmaliza. Mutanu alisema hakuna mchanga. Ni unga wa mahindi kwenye mfuko wa kitambaa, anaubonyeza kwa vidole vya mikono, na ameandika hivyo kwenye fomu, pamoja na aina ya unga. Darasa lilipiga makofi. Nilipiga pia, kidogo.

Kisha mvua yangu. Daktari Mbithe alifumba macho. Alisikiliza yote, dakika nne. Akaomba irudiwe. Akatabasamu, nikaanza kufikiria nitakapolala Nairobi.

Akasema amekulia Makueni, na kila Februari ya utoto wake alikuwa anapepeta. Akasema hizi ni ndengu. Akasema ni ndengu za mbegu, kwa sababu zina jivu, zinatua bila kung'ata bati. Halafu akaongeza sauti katika dakika ya tatu, mahali ambapo nilikata pambio lakini sikukata kilichofuata, na darasa zima likamsikia Susu, mbali lakini safi, akiniambia nishuke.

Wamecheka mpaka mlinzi akaja.

Baadaye ofisini hakuwa mkali, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema ni mvua bora kuwahi kuletwa na mwanafunzi wake. Alisema matone ya mbaazi hakuyatarajia, na akauliza kunde zingekuwaje. Nikamwambia zinadunda. Tukazungumza juu ya kudunda kwa kunde karibu nusu saa, tukasahau tulikuja kufanya nini. Kisha akavuta fomu yangu. Alisema ningeandika ndengu, ningekwenda Nairobi. Niliandika mvua halisi. Mutanu anakwenda.

Sitarudia mwaka, lakini kwa sharti moja. Mchezo unahitaji ngurumo. Niilete kufikia Novemba 21, kwa njia yoyote ile, mradi fomu iseme ukweli. Alirudia mara mbili: njia yoyote ile, Musembi, mradi fomu iseme ukweli. Nilimwahidi. Nilikuwa karibu kulia.

Ijumaa, Novemba 7

Mutomo tena. Mbegu za Mursal zimeota. Chini ya gata kumeota nyingine zilizoponyoka, mstari mmoja ulionyooka kuliko wa shambani, na Susu anawaonyesha wageni. Spika ya Mursal inapiga sauti yangu tangu asubuhi. Anataka sasa niongeze mlio wa mbuzi.

Nimeyawaza kwa kina makosa yangu, na nimeyaelewa. Kosa lilikuwa jivu. Ndengu zilizooshwa, hata daktari asingezijua. Kosa la pili, beseni.

Kuhusu ngurumo: bati moja refu, likitikiswa kutoka ncha, ni ngurumo kamili. Nimejaribu na kipande kidogo, mbwa wa Mursal akaingia uvunguni. Bati refu liko moja tu hapa nyumbani, kwenye paa la jiko, juu ya meko. Misumari yake ni minane na inalegea. Jumatano ya tarehe 19 Susu ana mkutano hadi saa kumi, na mawingu hayatakuja siku hiyo, nimehakikisha kwa Mursal.

Fomu nimeijaza leo kabisa, nisije nikababaika dakika za mwisho. Ngurumo halisi, Mutomo, Novemba 19.